Stasio mupya ya kahawa: watumishi wetu tunawatayarisha namna gani?



Huku pembeni ya ziwa Kivu, Kalehe, Idjwi na Minova, wakulima wengi walizoea kumenya kahawa nyumbani na kuuza ile iliyokauka. Siku hizi koperative nyingi zimejenga stasio ya kuoshea kahawa. Mu mikutano tunazungumuza mashini, meza, beyi. Juu ya watu watakaotumika pale, hakuna anayesema kitu, na hasara inaanzia pale.

Tuangalie mupimaji. Zamani alipokea kahawa kavu, anapima, anaandika, inaisha. Ku stasio, sherti kahawa nyekundu ipite kwanza mu maji, ile inayoelea iwekwe pembeni, zisizoiva zitolewe kwa mukono, ndipo apime. Shemeji yake analeta kilo 30, anaambiwa kilo 4 hazikubaliwi. Nani atatukanwa? Si komite, ni ule mupimaji. Kama hakuna mutu aliyemuelezea juu ya nini kahawa yenye kuelea inaharibu ladha ya gunia yote, atafunga macho apokee vyote. Watu watasema ni mutu wa kichwa nguvu. Mimi naona anajikinga tu.

Kwa hiyo, miezi miwili mbele ya mavuno, komite ikae na watumishi peke yao, si ku mukutano mukuu penye kelele. Muwaambie wazi kazi gani inaisha, gani inabakia, nani anahamishwa, na mushahara wake utakuwa ngapi. Mukificha ile ya mushahara, mengine yote hawatasikia. Mama aliyelipwa kwa kilo kwa kuchagua kahawa kavu, kama ku meza za kuanikia atalipwa kwa siku, ajue ni faranga ngapi.

Kuna na mambo ya saa. Kahawa sherti itolewe ganda siku ileile iliyovunwa. Wakati wa mavuno makubwa mashini inatumika mpaka usiku. Mama mwenye mutoto wa kunyonya atarudi nyumbani na nani? Mupange mbele, ao juma ya pili hamutamuona tena.

Kisha mujaribu na kahawa kidogo. Kilo 50 zinatosha: watumishi waieleze mu maji, waimenye, waiache ichache, waioshe, waianike mpaka unyevu ufike 11 ao 12 kwa mia. Anayekosea asikatwe mushahara wakati wa kujifunza. Halafu mukaange na muonje: kikombe cha kahawa safi karibu na cha ile yenye kuelea. Wengi wanaotumika miaka mingi mu kahawa hawajaionja hata siku moja.

Siku ya kwanza ya kupokea, mutu mumoja wa komite asimame karibu na mupimaji, yeye ndiye ajibu wakulima. Kahawa iliyokataliwa irudishiwe mwenyewe palepale, ao inunuliwe kwa beyi ya chini iliyoandikwa ku ubao. Bila ubao ule, watu watafikiri mupimaji anaipeleka kwake.