Kabla Korosho Hazijaanza Kudondoka: Vidokezo 9 vya Kuitibu Kutu ya Bodi ya Pikapu

Reli ya Nachingwea, ile iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza 1947, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo mzigo wa huku kwetu unabebwa na matairi. Korosho za kupeleka ghala la chama cha ushirika (AMCOS), ufuta, mbaazi, mabati ya nyumba mpya, mgonjwa wa usiku, hata jeneza: vyote hupandishwa kwenye bodi ya pikapu, na mara nyingi pikapu yenyewe ina umri mkubwa kuliko dereva wake. Ndiyo maana naumia nikipita Ruangwa au Nachingwea na kuona gari lenye injini nzima limetelekezwa chini ya mwembe kwa sababu tu sakafu ya bodi imeoza. Bodi inatibika. Sehemu kubwa ya kazi unaimudu nyumbani kwa siku tatu au nne, ukiwa na brashi ya waya, msasa, bisibisi na subira.

1. Chagua mwezi kabla ya kuchagua rangi

Mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Nafasi yako ni Julai na Agosti: ardhi imekauka, mavuno ya ufuta yamepungua, na korosho bado hazijaanza kudondoka. Mwaka mmoja nilipaka bodi yangu Desemba, kati ya mvua mbili, nikadhani jua la mchana mmoja linatosha. Kufika Machi rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na nilipolipasua moja kwa ukucha yakatoka maji ya rangi ya chai. Unyevu nilikuwa nimeufungia ndani mwenyewe.

Hata kiangazi kina mtego wake, nao ni umande wa kipupwe. Asubuhi bati huwa limelowa bila mvua kunyesha. Usianze kupaka kabla ya saa nne, na ikifika saa tisa alasiri uwe umeshaweka brashi chini.

2. Fagia salfa kwanza, kabla ya cheche yoyote

Hiki nakiandika kwa msisitizo kwa sababu kinatuhusu sisi watu wa mikorosho kuliko wengine. Kuanzia Mei na Juni, pikapu zetu hubeba magunia ya salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Gunia moja likitoboka, unga wa njano unaingia kwenye mikunjo ya bodi na kukaa humo miezi. Salfa kavu haina haraka na chuma, lakini ikikutana na maji inalila bati kwa kasi. Ukiona kutu imeanza ghafla kwenye kona za mbele, chokonoa kwa kijiti uone kama hutatoa unga wa njano.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Vumbi la salfa hushika moto kirahisi kwa cheche za grenda au za kuchomelea, na moshi wake unakaba koo na kuunguza macho. Fagia, kisha osha kwa maji mengi na sabuni, hasa ndani ya mikunjo na chini ya bawaba za mlango wa nyuma. Acha gari juani siku nzima. Hapo ndipo ushike kifaa cha umeme.

3. Gonga usikilize

Macho hudanganywa na rangi. Shika bisibisi, geuza mpini wake, na ugonge sakafu ya bodi hatua kwa hatua kama anayechagua nazi sokoni. Bati zima hulia. Bati lililooza hutoa sauti butu, kama umegonga boksi la karatasi ngumu. Pale panaponyamaza, geuza bisibisi na sukuma kwa ncha. Ikizama, panahitaji kiraka. Ikigoma, panahitaji kukwanguliwa tu. Weka alama ya chaki kila mahali, duara kwa kiraka na mstari kwa kukwangua, kisha ulale chini ya gari na kufanya vilevile upande wa pili. Kutu ya bodi huanzia chini mara nyingi, na wewe unayeona doa dogo juu unaona mwisho wa safari yake.

Wenye Land Rover za zamani, bodi yenu ni ya aluminiamu, haipati kutu nyekundu. Tazameni unga mweupe pale aluminiamu inapogusana na boliti au fremu ya chuma. Metali hizo mbili zikilowa pamoja, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

4. Yatafute maji yanapolala

Nilimpelekea fundi mmoja wa bodi mjini Nachingwea kazi yangu ile ya Desemba. Akaizunguka kimya, akainama, akapitisha kidole kwenye mkunjo wa mbele karibu na kabini.

"Shikamoo mzee. Inafaa kweli?"

"Marahaba. Rangi umeitia, mwanangu. Maji umeyaacha."

Kidole chake kilitoka na tope jekundu, bichi, wakati mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha siku tano nyuma. Tundu la kutolea maji lilikuwa limezibwa na udongo wetu huu mwekundu uliochanganyika na maganda ya ufuta. Tangu siku hiyo, kila gari ninaloulizwa ushauri naanza na maji. Mwaga ndoo moja kwenye bodi, ngoja robo saa, uone yanabaki wapi. Zibua matundu ya zamani kwa spoki ya baiskeli. Kama kuna bonde lisilo na tundu, toboa jipya la milimita 10 hadi 12 mahali pa chini kabisa, ukiangalia kwanza kwamba chini yake hakuna waya, bomba la breki wala tangi la mafuta. Ukingo wa tundu jipya ni chuma kitupu. Upake rangi kama unavyopaka sehemu nyingine.

Na kapeti ya mpira uliyoitandika ili kulinda bodi, iondoe. Inashika maji chini yake kama kitambaa cha jikoni. Chaga jepesi la mbao linaloinuka na kutolewa, kama yale yanayowekwa chini ya magunia ghalani, linaacha hewa ipite.

5. Kwangua mpaka ukutane na chuma

Brashi ya waya kwanza, kisha msasa mkavu wa namba 80, umalizie na wa 120. Vaa miwani na barakoa. Vuka mpaka wa kutu unaouona kwa upana wa vidole vitatu, kwa sababu kutu hutambaa chini ya rangi nzima. Kwenye vishimo vidogo ambavyo waya haufiki, dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki inasaidia. Inaigeuza kutu kuwa tabaka gumu jeusi linaloshika rangi. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, vaa glavu. Siki na ndimu zinafaa kwa boliti ndogo ulizoziloweka usiku kucha, lakini kuzimwaga kwenye sakafu nzima ni kuongeza asidi mahali usipoweza kuisuuza vizuri.

6. Kiraka ni chuma, puti si chuma

Hapa ndipo wengi tunaharibu. Tundu linajazwa puti, linasuguliwa, linapakwa, linang'aa. Puti ni ya kusawazisha kibonde kwenye ubavu wa bodi. Sakafu inayobeba magunia ya korosho inapinda na kutikisika kwenye barabara ya vumbi. Puti itapata ufa, ufa utanyonya maji, na kutu itafanya kazi chini yake bila kuonekana.

Kata bati lililooza mpaka ufike kwenye bati lenye sauti. Kiraka kikatwe kikubwa kuliko tundu kwa sentimita mbili kila upande, kona zake ziwe za mviringo maana kona kali ndiyo inayoanza kupasuka. Tumia bati jeusi la geji 18, unene wa kama milimita 1.2. Usikate bati la paa lililobaki kwenye ujenzi: ni jembamba mno, na zinki iliyo juu yake ikichomwa hutoa mvuke unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku.

Kama huna mashine ya kuchomelea, funga kiraka kwa riveti au boliti ndogo, ukiwa umepaka praima pande zote mbili zinazogusana na kujaza silanti ya magari ukingoni. Si aibu, na kwa sakafu ya kubebea mzigo kinadumu. Kama unachomelea, mpe fundi kazi hiyo na umwombe aende kwa vitone, akiruka huku na huku, bati lisipinde kwa joto.

Jambo la kutofanyia mzaha: kwenye pikapu nyingi tangi la mafuta liko chini ya bodi hiyohiyo. Bodi imefungwa kwenye chesisi kwa boliti chache. Zifungue, tenganisha waya za taa, ita vijana wanne wa mtaani mkaiinue na kuiweka juu ya magogo, mbali na gari. Mtachomelea kwa amani, na mtaona chesisi yenyewe ikoje, kitu ambacho huenda hakijaonwa tangu gari liingie nchini.

7. Chuma kitupu kisilale nje

Ulichokikwangua leo kipake praima leo. Kikilala na umande, asubuhi utakuta vumbi la rangi ya chungwa na itabidi urudi kwenye msasa. Futa kwa kitambaa safi chenye thina, kisha usiguse tena kwa mkono mtupu, jasho lina chumvi. Paka praima ya redoksaidi tabaka mbili nyembamba, moja ikauke vizuri kabla ya nyingine, halafu rangi ya juu tabaka mbili. Tabaka moja nene hukauka juu na kubaki bichi ndani.

Mwenye uwezo wa kununua epoksi ya vikopo viwili atapata ulinzi mrefu zaidi. Na hapa nina furaha ya kuwaambia jirani zangu jambo: baadhi ya vigumishi vya epoksi zinazopakwa kwenye meli hutengenezwa kutokana na mafuta ya ganda la korosho. Yale yale yanayoubabua mkono wa mbanguaji. Lakini msichukue mafuta mabichi ya ganda mkapaka gari. Kiwandani hupitishwa hatua nyingi kwanza, na yakiwa mabichi yanachoma ngozi.

8. Oili chafu iache

Najua ni desturi, na najua ni ya bure. Lakini oili iliyotumika inadhuru ngozi, inadondokea kwenye udongo tunaolima, na rangi haitashika tena pale ilipogusa. Isitoshe, harufu yake huingia kwenye ufuta na korosho, navyo ni chakula cha watu. Kwa chini ya bodi na ndani ya mikunjo ya chesisi, baada ya rangi kukauka, tumia grisi safi au nta ya kuzuia kutu.

9. Baada ya mzigo, ndoo mbili za maji

Chumvi na samaki wakavu kutoka pwani, mbolea, mabibo yanayovuja maji yake ya ukakasi: kila kimoja kinakula chuma. Osha siku hiyohiyo, fungua mlango wa nyuma, na uegeshe gari pua ikitazama juu mlimani ili maji yatelemkie nyuma. Mkwaruzo mpya wa jembe au pipa upake kabla ya wiki kuisha. Kopo dogo la redoksaidi likae nyuma ya kiti.

Mvua ya kwanza ikinyesha, toka nje ikishatulia, uchuchumae nyuma ya gari na uhesabu matundu yanayodondosha. Ukikuta moja ni kavu, spoki ya baiskeli unayo.