Bustani Zilizofichika za New York

Ndugu mwanafunzi, ukitajiwa New York bila shaka unawaza maghorofa. Lakini katikati ya maghorofa hayo zimo bustani zaidi ya 500 zinazolimwa na wakazi wenyewe. Wapita njia wengi hawazioni, kwani zimebanwa na kuta za majengo. Je, zimetoka wapi?

Katika miaka ya 1970 jiji lile lilikaribia kufilisika. Wenye nyumba katika mitaa ya maskini walizitelekeza, nyingine zikaungua na kubomolewa. Vikabaki viwanja vitupu vyenye vifusi na taka, na vingi vikaangukia mikononi mwa serikali ya jiji kwa sababu ya kodi zisizolipwa. Mwaka 1973 Liz Christy na majirani zake walisafisha kiwanja kimoja kwenye pembe ya barabara za Bowery na Houston. Mwaka uliofuata jiji likawakodisha kwa dola moja kwa mwezi. Penye viwanja vilivyofungwa, walirusha vifurushi vya mbegu na mbolea juu ya ua ili vimee humo!

Usidhani kazi ilikuwa kupanda tu. Udongo wa mjini huwa na madini ya risasi yaliyotokana na rangi za kale na moshi wa magari, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo wakulima hawa hutengeneza masanduku ya mbao, huyajaza udongo safi kutoka nje, na humo ndimo mboga hupandwa.

Taabu kubwa zaidi ilikuwa umiliki. Aliyelima miaka ishirini hakuwa na hati yoyote. Bei za viwanja zilipopanda, mwaka 1999 jiji chini ya Meya Rudolph Giuliani lilitangaza mnada wa bustani zaidi ya 100. Hoja ya jiji haikuwa ya kupuuzwa: ardhi ni ya serikali, na watu wanahitaji nyumba. Wakulima wakaandamana, kesi zikafunguliwa. Siku moja kabla ya mnada, taasisi mbili, moja ikiwa imeanzishwa na mwimbaji Bette Midler, zilikubali kuzinunua kwa dola zaidi ya milioni 4 ili zibaki kuwa bustani. Mliosoma mlango wa wakfu mtalielewa upesi, ijapokuwa sheria zao ni nyingine: mali inazuiwa isiuzwe, manufaa yake yanaendelea.

Bustani nyingine zilisubiri hadi mwaka 2002, jiji na serikali ya jimbo zilipopatana. Nyingi zilibakishwa, na baadhi zikatolewa kwa ujenzi wa nyumba.