Nywila ni ya Mwenye Leseni

Leseni ya biashara hudumu kwa miezi 12. Tangu maombi yake yahamie katika mfumo wa TAUSI, unaosimamiwa na TAMISEMI, wapo wakazi wanaoomba leseni kupitia steshenari. Kufanya hivyo si kosa. Shida hujitokeza mwaka wa pili.

Chukulia mfano wa mama auzaye dagaa Mwaloni, Kirumba. Kijana wa steshenari alimfungulia akaunti na, kwa haraka zake, akaandika namba yake mwenyewe ya simu na nywila aliyozoea kuwawekea wateja wote. Leseni ikatoka, ikabandikwa ukutani. Mwaka ulipogeuka, kijana alikwisha kuhamia Geita. Nywila haijulikani, na ujumbe wa kuweka nyingine unaingia katika simu isiyo ya mama.

Mfumo haumtambui mtu kwa sura wala kwa sauti. Humtambua kwa jina la mtumiaji, kisha hudai uthibitisho, nao ni nywila. Namba ya NIDA haifai kuwa nywila, hata kama ni ndefu: tarakimu 8 za mwanzo kati ya 20 ni tarehe ya kuzaliwa, na vivuli vya kitambulisho huachwa kila ofisi. Maneno manne yasiyohusiana ni bora zaidi, na hayasahauliki upesi.

Mfumo uliojengwa vyema hauhifadhi nywila yenyewe, bali alama iliyokokotolewa kutokana nayo. Ndiyo maana afisa biashara hawezi kumsomea mtu nywila aliyoisahau, na anayepiga simu kuiuliza hana nia njema. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo.

Kwa hiyo, steshenari, mteja aombe kibodi na kuandika nywila kwa mkono wake. Namba ya simu iwe yake. Kompyuta ikiuliza kama ihifadhi nywila, akatae. Na kabla ya kulipa ahakikishe akaunti imefungwa, maana anayekalia kiti kile baada yake hamjui.

Ambaye akaunti yake tayari imo katika simu ya mtu mwingine, afike ofisi ya biashara ya halmashauri na kitambulisho na namba ya mlipakodi, leseni ingali hai.