Huduma ya Kwanza: La Kufanya Kabla ya Kufika Hospitali

Somo letu la juma hili lawahusu watu wote wa Kwale, wa pwani na wa bara: mvuvi wa Gazi na wa Vanga, mkulima wa Kinango, mkwezi wa minazi wa Msambweni, na kijana aendeshaye bodaboda Ukunda. Kila mmoja wao aweza kesho kumkuta mwenziwe amelala chini, hasemi, au damu yamtoka, na daktari hayuko karibu. Neno tunalotaka kulifundisha ni hili: ajali itokeapo, dakika za mwanzo si za daktari, bali ni za yule aliye karibu. Akijua mambo machache ya kufanya, na machache ya kuacha, aweza kumfikisha mgonjwa hospitali akiwa hai.

Huduma ya kwanza si uganga, wala haishiki mahali pa hospitali. Kazi yake ni tatu: kuhifadhi uhai, kuzuia madhara yasizidi, na kumtayarisha mgonjwa kwa matibabu. Aliyeyatimiza hayo amekwisha fanya kazi yake, na iliyobaki ni ya daktari.

Kwa nini twasema dakika za mwanzo? Kwa sababu ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko Msambweni. Mtu wa Vanga au wa Lungalunga, hata akipata gari papo hapo, hawezi kufika kwa dakika nne. Wala wa Diani hawezi. Tena wazee wa upande huu hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka karibu na gati ya Mtongwe ikielekea kisiwa cha Mombasa, wakafa watu 272. Msiba ule haukutokea bahari kuu. Ulitokea karibu na nchi kavu. Maji huua upesi, hata machoni pa watu.

KABLA YA KUMGUSA MGONJWA

Kwanza, tazama mahali. Je, barabara ina magari? Waya wa umeme umeanguka? Mawimbi ni makali? Msaidizi akiumia naye, wagonjwa wamekuwa wawili na msaidizi hakuna.

Pili, piga kelele uitie watu, na mmoja apige simu 999 au 112, atafute na gari. Usiseme tu, "Mtu apige simu," kwa maana kila mmoja atadhani mwenziwe amekwisha piga. Mwelekeze mmoja kwa kidole: "Wewe, piga simu."

Tatu, mwite mgonjwa na umguse bega. Je, anajibu? Tazama kifua chake, je, kinapanda na kushuka? Ikiwa anapumua lakini hana fahamu, wala hukuona dalili ya kuumia shingo, mlaze kwa ubavu, kichwa kikiinama nyuma kidogo, ili matapishi yasimzibe koo.

ALIYEZAMA

Wahenga walisema, mfa maji hukamata maji. Atakukamata na wewe pia, akuzamishe. Kwa hiyo usirukie majini kwa ushujaa. Mrushie kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko, au mpe pondo au kasia alishike, nawe ukiwa ungali chomboni au nchi kavu.

Akiisha kutolewa, watu wengi hufanya kosa moja: humning'iniza miguu juu, au humkandamiza tumbo ili maji yatoke. Usifanye hivyo. Dakika zitapita bure, na yaliyomo tumboni yaweza kuingia mapafuni. Haja yake ni hewa, si kutolewa maji. Ukiona hapumui, fanya hivi:

1. Mlaze chali mahali pagumu. Inamisha kichwa chake nyuma na kuinua kidevu.

2. Mbane pua, weka mdomo wako juu ya wake, na umvuvie pumzi tano, ukitazama kifua chake kikiinuka kila mara.

3. Asipopumua bado, weka kiganja cha mkono mmoja katikati ya kifua chake, na cha pili juu yake. Nyosha viwiko, na ubonyeze chini kwa sentimita tano, usizidishe sita, karibu mara mbili kwa kila sekunde. Kiache kifua kirudi juu kila mara.

4. Ukiisha bonyeza mara 30, mvuvie pumzi mbili. Kisha 30 tena, na mbili tena. Usiache mpaka apumue, au waje wenye ujuzi, au nguvu zikuishie. Wakiwapo watu wawili, wapokezane kila dakika mbili, kwa maana kazi hii huchosha.

Mtoto mdogo hubonyezwa kwa mkono mmoja, na mchanga kwa vidole viwili, kiasi cha theluthi moja ya unene wa kifua. Na yeyote aliyezuka baada ya kuzama, hata akisema ni mzima, apelekwe hospitali, kwa maana mapafu yaweza kudhoofika saa chache baadaye.

Labda mzee mmoja atasema, "Mimi nilifundishwa njia nyingine." Asema kweli. Mpaka miaka ya 1950 vitabu vingi vilifundisha kumlaza aliyezama kifudifudi, kumkandamiza mgongo na kumwinua viwiko. Njia hiyo iliitwa kwa jina la Holger Nielsen, mtu wa Denmark. Katika miaka hiyo hiyo madaktari walipima, wakaona pumzi ya mdomo kwa mdomo yaingiza hewa nyingi zaidi. Kisha mwaka 1960 madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, Marekani, walieleza njia ya kubonyeza kifua ili damu izidi kuzunguka. Elimu hii hutengenezwa kila mara. Aliyejifunza zamani yafaa ajifunze tena.

ALIYEKATWA NA PANGA

Panga na shoka ni vyombo vyetu vya kila siku, na jeraha lake laweza kummaliza mtu damu kwa dakika chache. Dawa ya kwanza ni mkono wako. Kunja kitambaa safi, hata kipande cha leso, ukibonyeze kwa nguvu juu ya jeraha penyewe kwa muda wa dakika kumi bila kufunua. Wengi hufunua kila mara ili watazame, na kila wafunuapo hubandua damu iliyoanza kuganda. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza na ubonyeze zaidi.

Ikiwa damu yaruka kutoka mkononi au mguuni, na kubonyeza hakuizuii, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa moyo, kisichokaa juu ya kiungo, ukikaze kwa kijiti mpaka damu ikome. Andika saa uliyofunga, wala usikilegeze njiani. Hii ni njia ya mwisho.

Usitie udongo, majivu, mafuta ya taa wala tumbaku. Vitu hivyo huingiza vijidudu vya pepopunda na usaha.

ALIYEANGUKA MNAZINI AU KATIKA PIKIPIKI

Hapa huruma yaweza kudhuru. Watu hukimbilia kumwinua kwa mabega na miguu na kumketisha, ili apewe maji. Ikiwa mfupa wa shingo au wa mgongo umevunjika, kumkunja hivyo kwaweza kumpoozesha maisha yake yote. Mwache alivyolala, isipokuwa pana hatari. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Ikiwapasa kumpeleka wenyewe, watu wanne au watano wamwinue pamoja kwa sauti ya mmoja, wamweke juu ya ubao au mlango, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja. Usimpe chakula wala kinywaji.

ALIYEUMWA NA NYOKA

Katika mashamba yetu wako piri, ambaye wengine humwita kifutu, na mamba wa kijani akaaye mitini, na nyoka watemao sumu. Aliyeumwa atulizwe na alazwe, asikimbie wala asitembee, kwa maana misuli ikifanya kazi huieneza sumu. Mvue pete, bangili na vikuku kabla hajavimba. Mfunge banzi mkononi au mguuni usitikisike, kama afungwavyo aliyevunjika mfupa, kisha umchukue hospitali bila kukawia. Dawa ya kuvunja nguvu ya sumu hutolewa na waganga wa hospitali tu.

Usimchanje kwa wembe, usimnyonye, usimkaze kwa kamba, wala usitumaini jiwe jeusi. Usimfuate nyoka ili umwue. Wengi wameumwa kwa njia hiyo. Sumu ya mamba yaweza kusimamisha pumzi, basi akiacha kupumua njiani, mvuvie kama ulivyofundishwa juu. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi hima, kisha apelekwe hospitali.

ALIYEUNGUA

Mmiminie maji baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha ufunike palipoungua kwa kitambaa safi. Usipake mafuta, yai wala dawa ya meno, na malengelenge usiyapasue.

FEDHA ZISIWE SABABU YA KUKAWIA

Mara nyingi mgonjwa hukawizwa nyumbani kwa sababu jamaa wanachanga fedha kwanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema ya kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Basi mpeleke kwanza. Mchango ufuate nyuma.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Msomaji, haitoshi kusoma habari hizi. Mtu hawezi kujua kuogelea kwa kusoma kitabu, wala mikono haitajua kubonyeza kifua kama haikuzoezwa. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1965, hufundisha elimu hii, na vilevile St John Ambulance. Watu wa kijiji kimoja, tuseme wavuvi sita, waendeshaji pikipiki wawili, mwalimu na mama mmoja wa kikundi, na wakutane waombe mafunzo kwa pamoja. Kati ya masomo, mto wa kulalia wafaa kwa zoezi la kubonyeza, na mtoto wa jirani aliye mzima wafaa kwa zoezi la kulazwa kwa ubavu. Lakini usimbonyeze kifua mtu aliye mzima.

Wekeni pia sanduku moja mahali panapojulikana na wote, dukani au bandarini, lenye vitambaa safi, bendeji, mkasi, sabuni, mipira ya mikono, na kamba ndefu. Mtu mmoja apewe kazi ya kulitazama kila mwezi, maana sanduku lililo tupu ni sawa na kutokuwa nalo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini haifai kumrukia majini mtu anayezama?
2. Aliyezama na hapumui hupewa nini kwanza?
3. Kitambaa kikilowa damu, je, utakiondoa?
4. Taja mambo manne yasiyofaa kwa aliyeumwa na nyoka.
5. Katika kijiji chenu, ni nani ajuaye huduma ya kwanza, na gari la karibu ni la nani?

Swali la tano halina jibu katika somo hili. Waulize watu wa nyumbani kwako jioni ya leo; na mkiona hakuna ajuaye, mmekwisha jua kazi ya kuanza nayo kesho.