Diski za Filamu za Ubora wa Juu na Uchaguzi wa Programu ya Kompyuta

Katika karne ya 19, mfanyabiashara aliyetaka kusafiri kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa njia ya Tabora alikuwa na uamuzi mzito wa kufanya kabla hajaondoka pwani. Ilimpasa achague vitambaa, shanga na nyaya za kulipia chakula na hongo njiani. Shanga zilizopendwa katika nchi moja zilikataliwa katika nchi nyingine, na aliyekosea uchaguzi huo aligundua kosa lake akiwa amekwisha kufika mbali bara. Wapagazi wake walikuwa wameelemewa na mali, lakini mali hiyo haikuweza kununua hata kibaba cha mtama.

Kosa la namna hiyo laweza kutendeka leo katika mji huo huo wa Tabora. Mfano mzuri ni shule ya sekondari iliyo katika kata ya Ipuli, ambayo imeamua kutumia filamu kufundishia Jiografia na Biolojia. Shule inanunua kompyuta moja, projekta moja, na diski chache za Blu-ray, yaani diski zinazobeba picha za ubora wa juu. Diski inapoingizwa, kompyuta inakataa kuionyesha. Mwalimu anashauriwa abadilishe programu. Anaibadilisha mara mbili au tatu, na skrini inabaki nyeusi vile vile. Fedha zimekwisha kutumika, na wanafunzi wanarudi darasani bila ya kuona kitu.

Makala haya yanaeleza kwamba uchaguzi wa programu ni hatua ya mwisho, wala si ya kwanza. Kabla ya filamu kufika machoni pa mtazamaji, habari zilizo katika diski hupita katika milango minne: kusomwa, kufunguliwa, kukunjuliwa na kupelekwa kwenye skrini. Programu nzuri haiwezi kusaidia kitu ikiwa mlango mmojawapo umefungwa.

Mlango wa kwanza: mwanga unaoisoma diski

CD, DVD na Blu-ray zote zina kipenyo cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, hata mtu akizishika mkononi ni vigumu kuzitofautisha. Tofauti imo katika vishimo vidogo mno vilivyopangwa juu ya mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati ya diski kwenda ukingoni, mfano wa kamba iliyoviringishwa. Umbali kati ya mzunguko mmoja na ule unaofuata ni mikromita 1.6 katika CD, mikromita 0.74 katika DVD, na mikromita 0.32 tu katika Blu-ray.

Vishimo hivyo husomwa kwa mwali wa leza. Mwali ukipita katika lenzi hukusanyika na kuwa doa dogo juu ya diski. Upana wa doa hilo huongezeka kadiri urefu wa wimbi la mwanga unavyoongezeka, na hupungua kadiri lenzi inavyokuwa na uwezo mkubwa wa kukusanya mwanga. Kisomaji cha DVD hutumia mwanga mwekundu wenye wimbi la nanomita 650 na lenzi yenye namba ya uwezo 0.60. Kisomaji cha Blu-ray hutumia mwanga wa rangi ya buluu iliyokaribia zambarau, wenye wimbi la nanomita 405, na lenzi ya 0.85.

Mwanafunzi wa Fizikia anaweza kulinganisha madoa hayo mawili kwa hesabu fupi:

DVD: 650 ÷ 0.60 = 1,083
Blu-ray: 405 ÷ 0.85 = 476

Kwa hiyo doa la DVD ni pana kuliko la Blu-ray kwa mara 2.27 hivi. Eneo hutegemea mraba wa upana, na mraba wa 2.27 ni kama 5.2. Tabaka moja la DVD hubeba gigabaiti 4.7; zikizidishwa kwa 5.2 hupatikana gigabaiti 24 na zaidi kidogo. Kwa hakika tabaka moja la Blu-ray hubeba gigabaiti 25, na diski yenye matabaka mawili hubeba 50. Siri kubwa ya diski hiyo, basi, ni rangi ya mwanga. Ndiyo maana ilipasa kungojea hadi wataalamu wa Japani walipofaulu kutengeneza vyanzo imara vya mwanga wa buluu katika miaka ya 1990. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua taa ndogo za nusu-kipitishi zitoazo mwanga huo.

Funzo la mlango huu ni wazi. Kisomaji cha DVD hakiwezi kusoma Blu-ray, kwa sababu doa lake hufunika mistari kadhaa kwa pamoja. Hakuna programu yoyote duniani iwezayo kusahihisha jambo hilo.

Mlango wa pili: kufuli na funguo

Filamu nyingi zinazouzwa katika diski za Blu-ray zimefungwa kwa mfumo wa siri uitwao AACS. Habari zake zimechanganywa kwa hesabu maalumu, na mwenye ufunguo tu ndiye awezaye kuzirudisha katika hali ya kueleweka. Funguo hutolewa kwa watengenezaji wa programu waliolipia leseni.

Tena funguo hizo si za kudumu. Ufunguo ukivuja, wenye mfumo huufuta, na diski zinazotolewa baadaye hazifunguki kwa ufunguo huo. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 2007, ambapo watumiaji wa programu fulani walilazimika kupata toleo jipya ili waweze kutazama filamu mpya. Mahali penye intaneti ya uhakika jambo hili ni usumbufu mdogo. Lakini shule isiyo na intaneti ya kutegemewa yaweza kununua programu halali, ikaitumia vizuri kwa muda, kisha ikashindwa kuonyesha diski mpya.

Pamoja na kufuli hiyo, ziko alama za maeneo. Dunia imegawanywa ili diski ya eneo moja isitumike katika eneo jingine. Kwa upande wa DVD, Tanzania imo katika eneo la 5 pamoja na India, ambapo Uingereza imo katika eneo la 2. Kwa upande wa Blu-ray, Tanzania imo katika eneo B pamoja na Uingereza, lakini India imo katika eneo C. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: DVD iliyotoka Mumbai yaweza kukubaliwa Tabora na Blu-ray iliyotoka huko huko ikakataliwa, na kwa diski za London mambo yakawa kinyume chake. Ni kweli kwamba diski nyingine hazina alama ya eneo kabisa. Hata hivyo yafaa alama hiyo itazamwe kwenye jalada kabla ya kununua. Kwa kawaida kisomaji cha DVD cha kompyuta huruhusu eneo libadilishwe mara 5 tu.

Mlango wa tatu: kukunjua picha

Picha moja ya ubora wa juu ina nukta 1,920 kwa mapana na 1,080 kwa marefu, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa kwa biti 24, na picha 24 zikipita katika kila sekunde, itahitajika kupitisha megabiti 1,194 kila sekunde. Filamu ya saa mbili ingehitaji gigabaiti 1,075, ambazo zingejaza diski 43 za tabaka moja.

Kwa hiyo picha hukunjwa. Kanuni za kukunja huhifadhi yale yanayobadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na kuacha kurudia yale yasiyobadilika. Diski za Blu-ray hutumia kanuni tatu: MPEG-2, VC-1 na H.264. Filamu ikikunjwa hadi megabiti 30 kwa sekunde, huwa imepunguzwa mara 40 hivi.

Programu ya kuonyesha filamu hufanya kazi ya kukunjua. Kazi hii ni nzito, na kompyuta ya zamani huweza kulemewa, picha zikawa zinakwama na sauti ikatangulia. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zina sehemu maalumu ya michoro iwezayo kukunjua H.264 bila ya kuichosha bongo kuu ya kompyuta. Programu bora ni ile inayoitumia sehemu hiyo.

Mlango wa nne: njia ya kwenda kwenye skrini

Programu yenye leseni hairuhusiwi kuitoa picha iliyofunguliwa na kuipitisha popote pale. Kabla ya kuituma kwa waya wa HDMI, huuliza kama projekta au skrini iliyo upande wa pili inaufahamu ulinzi uitwao HDCP. Projekta nzee yenye tundu la VGA peke yake haiwezi kulijibu swali hilo. Programu huweza basi kushusha ubora wa picha au kukataa kabisa, ingawa projekta yenyewe ni nzima na huonyesha maandishi ya mwalimu bila ya taabu.

Jambo jingine lahusu diski za 4K, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016. Ili zionyeshwe kwa programu yenye leseni, kompyuta ilihitaji sehemu ya usalama iitwayo SGX, iliyokuwamo katika bongo fulani za Intel. Kuanzia kizazi cha 11 cha bongo za Core, mwaka 2021, Intel iliiondoa sehemu hiyo. Hivyo kompyuta mpya ikashindwa kufanya kazi iliyofanywa na kompyuta iliyoitangulia. Upya wa chombo si ushahidi wa kufaa kwake.

Aina za programu

Baada ya kuifahamu milango hiyo minne, uchaguzi wa programu huwa mwepesi. Ziko aina mbili kuu.

Aina ya kwanza ni programu za kulipia zenye leseni ya AACS, kama vile PowerDVD ya kampuni ya CyberLink ya Taiwan. Hizi hufungua filamu za dukani kwa njia halali na huonyesha menyu zote za diski. Upungufu wake ni gharama, haja ya kupata matoleo mapya, na masharti makali kuhusu skrini.

Aina ya pili ni programu huria zisizolipiwa, kama vile VLC, ambayo ilianzia katika kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996. VLC hukunjua kanuni zote tatu zilizotajwa, na yaweza kunakiliwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila ya kuvunja sheria. Lakini haiji na funguo za AACS. Diski isiyo na kufuli huonyeshwa vizuri, iliyofungwa hukataliwa. Watu wengine hutafuta funguo zilizovuja ili kujaza pengo hilo. Shule haipaswi kufuata njia hiyo, kwa kuwa filamu hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Penye shaka, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ndiyo ya kuulizwa.

Ifahamike pia kwamba mfumo wa Windows haujapata kuwa na uwezo wake wenyewe wa kuonyesha Blu-ray za dukani. Tangu Windows 8, iliyotolewa mwaka 2012, hata uwezo wa kuonyesha DVD uliondolewa katika mfumo wa kawaida.

Utaratibu unaofaa kwa shule

Kabla ya kulipa fedha yoyote, yapasa maswali yaulizwe kwa mpangilio huu:

1. Je, filamu inayotakiwa inapatikana kwa DVD au kwa faili lisilo na kufuli, lenye ruhusa ya kutumiwa shuleni? Ikiwa ndivyo, programu huria yatosha.
2. Ikiwa ni lazima iwe Blu-ray, je, kisomaji kilichopo ni cha Blu-ray?
3. Je, diski imefungwa, na alama yake ya eneo ni ipi?
4. Je, kompyuta na projekta zote mbili zina HDCP?
5. Je, intaneti itapatikana walau mara moja moja kwa ajili ya kupata matoleo mapya ya programu?

Watengenezaji kadhaa hutoa programu zao kwa majaribio. Jaribio lifanywe kwa diski ile ile, kompyuta ile ile na projekta ile ile zitakazotumika darasani. Jaribio lililofanywa dukani Dar es Salaam kwa skrini ya muuzaji halithibitishi kitu kuhusu projekta iliyo Ipuli.

Kwa shule nyingi jibu la swali la kwanza ndilo litakalomaliza shauri. Picha ya DVD ina nukta chache, lakini mwanafunzi aliyeketi mbele ya picha hiyo hujifunza mengi kuliko aliyeketi mbele ya skrini nyeusi ya ubora wa juu. Msafiri wa zamani aliyefika salama ni yule aliyeuliza mapema ni shanga zipi zinazokubaliwa mbele, kisha ndipo akafunga mizigo.

Maswali ya mazoezi

1. Filamu ya saa mbili imekunjwa kwa megabiti 30 kwa sekunde. Kokotoa ukubwa wake kwa gigabaiti. Je, itaenea katika diski ya tabaka moja?
2. Leza nyekundu ya nanomita 650 inamulika diski kwa wima. Kwa kutumia kanuni isemayo kwamba saini ya pembe ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa umbali wa mistari, tafuta pembe ya doa la kwanza la mwanga kwa CD na kwa DVD. Eleza kwa nini Blu-ray haitoi doa la namna hiyo. (Jaribio hili lisimamiwe na mwalimu, mtu yeyote asitazame mwali wa leza wala mng'ao wake.)
3. Shule ina kisomaji cha Blu-ray, programu yenye leseni, na projekta ya VGA. Taja mlango uliofungwa, na upendekeze njia mbili za halali za kutatua tatizo hilo.