Kichupo kikifungwa kwa bahati mbaya

Swali: Nina steshenari Kihonda, Morogoro. Nawajazia vijana maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB. Kichupo kikifungwa kwa bahati mbaya naanza upya. Matangazo nayo yanakula bando. Nifanyeje?

Jibu: Bonyeza Ctrl, Shift na T kwa pamoja; kichupo kitarudi. Usitegemee majibu yote yarudi nacho, hivyo hifadhi kila hatua. Kwenye dirisha la faragha la Chrome njia hii haifanyi kazi, ingawa kwa kompyuta ya wateja wengi dirisha hilo ndilo salama: ukilifunga, akaunti ya mteja haibaki wazi. Kuzuia matangazo, weka kiendelezi cha uBlock Origin kwenye kivinjari cha Firefox, hata ya simu ya Android, ni bure. Na tafadhali, kivinjari kikiuliza kihifadhi nywila ya mteja, kataa.