Kuvuja kwa Maji ya Injini
Mji wa Singida, penye mtaa wa Utemini, uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi. Kifuniko cha rejeta huongeza mgandamizo, na kiwango cha kuchemka hupanda kupita 100. Tundu dogo huiondoa kinga hiyo, na injini huweza kuharibika.

Tundu lililofichika nyuma ya injini hutafutwa injini ikiwa imepoa. Rejeta hujazwa maji, kisha hewa husukumwa kwa pampu ya mkono yenye geji, bila kuzidi mgandamizo ulioandikwa kwenye kifuniko. Mshale ukishuka, maji yanavuja. Unyevu hutazamwa kwa tochi na kioo kidogo, na kufuatwa kwenda juu, kwani maji huteremka mbali na chanzo.

Zoezi: Kwa nini ni hatari kufungua kifuniko injini ikiwa moto?